Mizani, mahojiano ya jana au orodha ya ndiyo na hapana: kuchagua njia ya kupima ulaji Unguja na Pemba

Mradi wa lishe unaweza kugawa mbegu za viazi lishe Micheweni, ukafundisha kina mama wa Mkoani kupika uji wa mtoto, ukagawa kuku Kaskazini A, na ripoti ya mwisho wa mwaka ikajaa idadi: mbegu, mafunzo, kuku. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonyesha nani kala nini. Njia za kulijua hilo zipo nyingi, na ubishi unaozuka ofisini kila tathmini ya awali inapokaribia ni ule ule. Aliyetoka chuo karibuni anataka mizani. Mhasibu anataka dodoso fupi. Mfadhili amekuja na kiashiria chake mfukoni.

Naziweka njia hizo ubavu kwa ubavu, na upande wangu siufichi: kwa miradi mingi ya ngazi ya shehia, orodha fupi ya makundi ya vyakula iliyofanywa kwa kufuata kalenda ya visiwa hivi inashinda mizani iliyopelekwa siku zisizofaa.

| Njia | Inamhusu nani | Muda | Inachoweza kusema |
|---|---|---|---|
| Kupima kwa mizani | mtu mmoja, siku moja | siku nzima nyumbani kwake | gramu halisi za kila chakula |
| Mahojiano ya saa 24 | mtu mmoja, jana yake | dakika 30 hadi 60 | gramu za kukadiria na virutubishi |
| Orodha ya makundi ya vyakula | wanawake au watoto wa eneo zima | dakika 5 hadi 10 | wangapi wanakula mchanganyiko wa kutosha |
| Alama ya ulaji wa kaya | nyumba nzima, siku 7 | kama dakika 10 | hali ya chakula ya nyumba |
| Dodoso la mara za kula | mtu mmoja, mwezi au zaidi | nusu saa na zaidi | nani hula kitu fulani zaidi ya wenzake |
| Damu na mkojo | mtu mmoja | muda mfupi, lakini maabara ni ghali | kilichofika mwilini, kwa virutubishi vichache |

Jedwali peke yake halichagui. Kinachochagua ni ahadi ya mradi. Ukiahidi kwamba wanawake wataongeza mboga na mayai, unahitaji kujua aina za vyakula. Ukiahidi kwamba mtoto atapata madini ya chuma ya kutosha kutokana na chakula, huna budi kujua kiasi. Ukiahidi kwamba nyumba haitalala njaa wakati wa kusi, uliza nyumba. Mradi ulioahidi jambo la kwanza ukaenda kupima la pili utatumia fedha nyingi kupata jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mizani na mahojiano ya saa 24

Mizani ndiyo njia inayoheshimiwa kuliko zote, na heshima hiyo ina sababu. Mdodosaji anafika alfajiri na mizani ya jikoni, anapima mchele kabla haujaoshwa, nazi kabla haijakunwa, samaki kabla hajaparuliwa, kisha anapima kilichopakuliwa na kilichobaki. Hakuna wa kukumbuka wala wa kubahatisha. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba iliyozoea chai na muhogo asubuhi, ikijua mtu wa mradi atashinda jikoni kesho, itatafuta mayai. Na hata nyumba isiyojionyesha hurahisisha mapishi, maana kupima kila kitu kunachosha. Gramu zitakuwa sahihi, ila za siku ambayo si ya kawaida.

Kwa hiyo mizani naiachia kazi mbili. Ya kwanza ni kuhakiki njia nyingine kwa kundi dogo la nyumba. Ya pili ni kupata mapishi: mchuzi wa nazi wa kwenu una tui kiasi gani, kisamvu kinapikwa na karanga au bila. Majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard yanasaidia sana, lakini hayawezi kujua urojo wa muuzaji wa mtaani kwenu una viazi vingapi na bajia ngapi. Hilo lipimeni wenyewe kwa wauzaji kadhaa, mchukue wastani.

Mahojiano ya saa 24 yanamwomba mtu asimulie jana yake yote. Yakifanywa vizuri yana hatua, na utaratibu unaofuatwa zaidi ni wa hatua 5 uliobuniwa na Idara ya Kilimo ya Marekani: orodha ya haraka, vilivyosahauliwa, saa na mahali, kiasi na maelezo ya kila kitu, kisha kupitia yote upya. Hatua ya pili ndiyo inayolipa hapa kwetu. Mtu atataja wali na mchuzi bila shida. Atasahau kahawa ya barazani na kashata yake, embe aliloliokota njiani, katlesi mbili alizokula akisubiri gari, na vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai. Mdodosaji mzuri hamwambii "Hujasahau kitu?" maana jibu ni "Hapana" tu. Anasema, "Baada ya Alasiri, Bi mkubwa, ulikaa wapi?" na embe linajileta lenyewe.

Shida kubwa ya njia hii Zanzibar ni sinia. Watu wanne, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu, wanakula pamoja, na unataka kujua kila mmoja kala wali kiasi gani. Kugawanya kwa nne ni kosa linalowapendelea watoto kwenye karatasi: mtoto ataonekana kashiba kumbe alicheza na wali. Kumpa kila mtu sahani yake siku ya mahojiano ni kubadilisha ulaji unaotaka kuupima. Ninayoiamini zaidi ni njia ya tonge. Mdodosaji anakwenda na wali uliopikwa asubuhi hiyo, anamwomba mama afanye tonge kama lake la jana na kama la mtoto, anayapima yote mawili, kisha anauliza yalikuwa mangapi kwa kufuata mlo hatua kwa hatua. Haitoi ukweli kamili, lakini kosa lake halimwelemei mtoto peke yake. Kitoweo ni rahisi zaidi, kwa sababu vipande huhesabika, na aliyepakua anajua nani kapata kichwa na nani kapata mkia.

Jambo moja linarukwa mara nyingi kwa kubana matumizi. Siku moja haimwelezi mtu. Jana yake huenda ilikuwa ya khitma. Mahojiano ya siku moja kwa watu wengi yanatoa wastani mzuri wa eneo, lakini ukitaka kusema ni asilimia ngapi ya wanawake wana upungufu wa virutubishi, lazima sehemu ya wale wale warudiwe siku nyingine, tena isiyofuatana na ya kwanza. Bila marudio hayo, kupanda na kushuka kwa kawaida kati ya siku na siku kutahesabiwa kama tofauti kati ya mtu na mtu, na idadi ya wenye upungufu itavimba. Fedha zikiwa hazitoshi kwa marudio, basi hazitoshi kwa njia hii. Chagueni nyingine.

Orodha ya makundi

Hapa hakuna gramu. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 anaulizwa alichokula jana, na vyakula vinapangwa katika makundi 10: nafaka na viazi na ndizi za kupika, mikunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, majani ya kijani, matunda na mboga nyingine zenye vitamini A kwa wingi, mboga nyingine, matunda mengine. Aliyefika makundi 5 amevuka kiwango. Mwongozo wake ulichapishwa mwaka 2016 na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, pamoja na shirika la FHI 360. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, WHO na UNICEF wana makundi 8, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, na kiwango ni 5 vile vile. Ripoti za zamani zilitumia 4 kati ya 7, kwa hiyo usilinganishe asilimia za leo na za zile kabla ya kuangalia ni hesabu ipi.

Ni njia rahisi, na wepesi wake unadanganya. Makosa yake yanatokea kwenye sufuria ya mchuzi. Chakula kisichofika gramu 15, yaani kama kijiko kimoja cha chakula, hakihesabiwi. Kitunguu thomu na pilipili havina kundi hapo. Maziwa ya kutia rangi chai hayamfanyi mtu awe amekunywa maziwa. Nazi, kwa wingi wake wote jikoni kwetu, haiingii kwenye karanga na mbegu. Embe bivu liko kwenye vitamini A, embe bichi la kachumbari liko kwenye matunda mengine. Kiazi kitamu cheupe kinakaa na muhogo, na kiazi lishe, chenye rangi ya chungwa, kinahamia kundi la vitamini A, jambo ambalo mradi wa viazi lishe lazima ulifundishe kwa wadodosaji wake mpaka walijue usingizini. Siku mbili za mafunzo hazitoshi. Ya tatu nendeni sokoni Chake Chake au Darajani na fomu mkononi, kila mdodosaji apange alichokiona, kisha mbishane.

Asilimia inayopatikana ni ya kundi la watu. Haifai kumwambia Bi fulani kwamba lishe yake ni mbaya kwa sababu jana alifika makundi 4.

Lipo tatizo jingine la njia hii ambalo kwa tathmini ya mradi ni zito zaidi. Mradi wenyewe unafundisha makundi. Mwaka mzima mhudumu wa afya wa jamii anapita nyumba kwa nyumba na picha za mayai na mchicha, halafu mtu yule yule anarudi na orodha: "Jana ulikula yai? Ulikula mboga za majani?" Jibu la "ndiyo" limefundishwa kabla ya swali. Asilimia itapanda na sahani isibadilike. Dawa zipo mbili, na zote nafuu. Kwanza, anayeuliza asitoke kwenye timu inayofundisha, na asijulikane mtaani kama mtu wa mradi. Pili, badala ya kusoma orodha, mwache mama asimulie siku yake na mdodosaji apige alama kimya kimya, kisha aulize tu makundi yaliyobaki matupu. Na mkitumia simulizi katika tathmini ya awali, msitumie orodha ya kusoma katika tathmini ya mwisho. Orodha iliyosomwa huwa inazaa "ndiyo" nyingi zaidi, na tofauti hiyo itaonekana kama mafanikio.

Alama ya ulaji wa kaya

Hii ya WFP, Mpango wa Chakula Duniani, inauliza nyumba imekula nini siku 7 zilizopita na kwa siku ngapi. Kila kundi lina uzito: vyakula vya wanga 2, mikunde 3, mboga 1, matunda 1, nyama na samaki 4, maziwa 4, sukari nusu, mafuta nusu. Siku zinazidishwa kwa uzito, na jumla inasomwa: mpaka 21 ni hali mbaya, mpaka 35 ni ya mpakani, zaidi ya hapo inakubalika.

Ijaribuni kwa nyumba ya kwetu. Wali kila siku, 7 mara 2, ni 14. Sukari kila siku 3.5, mafuta kila siku 3.5. Tayari 21 bila kitoweo wala jani. Ndiyo maana mahali ambapo sukari na mafuta ni vya kila siku, WFP wenyewe wana mipaka ya juu zaidi, 28 na 42, na Zanzibar ni mahali pa namna hiyo. Anayetumia 21 na 35 hapa atatoa picha nzuri kuliko hali ilivyo.

Hata mipaka ya juu haimalizi tatizo. Ongezeni dagaa kila siku kwenye nyumba ile: 7 mara 4 ni 28, jumla 49. Inakubalika kwa mpaka wowote, na hawajaona mchicha wala tunda wiki nzima. Kwa mradi wa bustani za nyumbani katika kijiji cha wavuvi alama hii haifai kabisa, kwa sababu nyumba zimeshafika juu kabla bustani haijapandwa. Kwa mradi wa fedha taslimu, au wa kukabili uhaba, inafaa, na ni rahisi kuilinganisha na kwingine. Isisahaulike tu kwamba inazungumzia chungu. Mama mjamzito alikula nini kutoka kwenye chungu hicho, haijui.

Dodoso la mara za kula, kwa ufupi

Lina orodha ndefu ya vyakula na swali "mara ngapi kwa mwezi". Wanaotafiti maradhi ya sukari na shinikizo wanalipenda, nao wana haki, kwa sababu wanataka kupanga watu kuanzia wanaokula kidogo mpaka wanaokula sana. Kwa mradi wa shehia silipendekezi. Orodha lazima itengenezwe hapa na ihakikiwe hapa, kazi ambayo ni utafiti kamili. Halafu mwambie mtu akupe wastani wa maembe kwa mwezi: msimu ukiwepo anakula kila siku, ukipita hagusi.

Damu na mkojo

Kuna kirutubishi kimoja ambacho sahani haikijui vizuri, nacho ni madini ya joto. Yako kwenye chumvi, na chumvi inayochotwa kwenye mashamba ya chumvi ya hapa hapa visiwani haionyeshi kwa macho kama imetiwa madini. Sehemu kubwa ya madini hayo hutoka kwa mkojo, kwa hiyo mradi wa chumvi upime mkojo wa watoto wa skuli: kipimo cha katikati, yaani kile ambacho nusu ya sampuli ziko juu yake na nusu chini yake, kikiwa kati ya mikrogramu 100 na 199 kwa lita, kundi hilo linahesabika limetosheka.

Kwa madini ya chuma tahadhari ni kubwa zaidi, na Pemba ina historia yake. Jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo wa Pemba madini ya chuma na foliki asidi lilisimamishwa mwaka 2003 kwa makundi yaliyokuwa yakipewa madini hayo, baada ya kuonekana waliopewa wanalazwa na kufa zaidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Malaria ilikuwa kali wakati ule. Kabla ya hapo tafiti za skuli za Pemba zilikwishaonyesha jinsi safura inavyonyonya damu ya watoto. Wingi wa damu wa mtoto unabeba malaria, minyoo na chakula kwa pamoja. Mradi wa mapishi ukijipima kwa wingi wa damu unaweza kufeli ukiwa umefanya kazi nzuri, au ukasifiwa kwa dawa za minyoo zilizotolewa na wengine.

Kalenda, kabla ya chombo

Nyumba ya pwani haili sawa mwezi mzima. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa wanategemea giza. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika na kitoweo kinapanda bei. Bamvua zinapokuja, kina mama wanashuka pwani kutafuta pweza, kombe na chaza. Maji mafu yakirudi, hakuna. Timu inayomaliza shehia kwa siku mbili ili gari lirudi mjini inakamata kipande kimoja cha mwezi na kukiita ulaji wa shehia. Gawanyeni siku za kazi zienee mwezi mwandamo mzima, na Ijumaa iwemo kwa kiasi chake, maana pilau ya Ijumaa si chakula cha Jumanne. Jumatatu na Alhamisi wapo wanaofunga sunna.

Ramadhani ni hesabu nyingine. Futari na daku zina vyakula vyake, muhogo wa nazi, tambi, kunde, na nyumba nyingi hula mchanganyiko mkubwa zaidi mwezi huo kuliko mwezi wowote. Mwaka wa Kiislamu unatangulia kwa siku kama 11 kila mwaka. Aliyefanya tathmini ya awali mwanzoni mwa Machi 2023 aliwakuta watu katika Shaabani. Akirudi mwanzoni mwa Machi 2026 kwa sababu "ni mwezi ule ule", anaingia katikati ya mfungo, na mradi unapata sifa za futari. Kwa Pemba ongezeni karafuu: msimu wa mavuno huleta fedha, na fedha huleta nyama. Shehia za kulinganishia zisizo na mradi zinasaidia sana hapa, kwa kuwa mwezi na karafuu vinawapata wote.

Sasa chaguo. Mradi wa bustani, kuku au elimu ya lishe: orodha ya makundi kwa wanawake na watoto wa miezi 6 hadi 23, kwa njia ya simulizi. Ukitarajia wanaofika kiwango wapande kutoka asilimia 30 hadi 45, unahitaji wanawake kama 163 kila upande. Na kwa kuwa wa shehia moja hufanana, zidisha kwa 2, uwe na karibu 326 wenye mradi na 326 wasio nao. Fedha zikiruhusu, fanyeni mahojiano ya saa 24 kwa sehemu ndogo yao, sehemu hiyo irudiwe siku ya pili. Mradi wa chakula kilichoongezwa virutubishi: mahojiano ya saa 24 na marudio yake, hakuna njia ya mkato. Mradi wa fedha taslimu: alama ya kaya kwa mipaka ya 28 na 42, na swali la makundi kwa mama wa nyumba hiyo hiyo, ambalo linaongeza dakika chache tu.

Vyovyote mtakavyochagua, maombi ya idhini ya utafiti kwa ZAHRI, Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, yaanze mapema, sheha apewe taarifa kabla ya timu kufika, na anayekwenda kuuliza habari za jikoni awe mwanamke.